Kiti cha katikati: maneno kwa wapiga gitaa wa kwaya na bendi, Moshi

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Walimu wa kwaya, nawasalimu kwa heshima. Na nyie vijana, wapiga gitaa wa Majengo, Pasua na Kiborloni, na nyie mlioteremka asubuhi kutoka Kibosho na Marangu na magitaa yenu mapajani ndani ya daladala zilizojaa, karibuni sana. Mwenyeji wetu amenipa saa moja ya kusema, kisha vyombo vinawashwa. Nitajitahidi nisile muda wa vyombo.

Amplifaya hii mnayoiona juu ya kreti la soda ni yangu, nimekaa nayo miaka mingi. Ina nobu tano za kawaida, hivi vifundo vya kuzungusha: geini ya mkwaruzo, besi ya sauti za chini, midi ya za katikati, trebo ya za juu, na volyumu. Mlipokuwa mnaingia niliwaomba watano wenu, mmoja baada ya mwingine, kila mtu aipange anavyopenda halafu apige kidogo. Mimi nikasimama pembeni na karatasi, nikawa naandika. Wote watano, bila mmoja kumwona mwenzake, walipandisha besi, wakapandisha trebo, na midi wakaishusha hadi mbili au moja. Mmoja aliishusha hadi sifuri. Simlaumu hata mmoja wao. Mtu akiwa peke yake na gitaa lake, sauti hiyo ni tamu kweli: nyuzi za chini zinanguruma, za juu zinameta kama bati jipya juani. Nami niliipenda kwa miaka, na ndiyo iliyonifanya nisisikike.

Nitawasimulia harusi moja. Ilikuwa hapahapa Moshi, ukumbi wa zege, madirisha makubwa ya vioo, watu kama mia tatu. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliipanga amplifaya chumbani kwangu, sauti ya chini kwa sababu majirani walikuwa wamelala. Nilipoipata sauti niliyoitaka nikachora alama kwa kalamu kwenye kila nobu. Kesho yake jioni, ukumbini, nikarudisha nobu kwenye alama zilezile. Tukaanza na wimbo wa kuwaingiza maharusi, na sikujisikia. Niliona vidole vyangu vinatembea kwenye nyuzi, lakini gitaa halikuwepo. Nikaongeza volyumu. Mpiga kinanda naye akaongeza. Mpiga drams hana nobu, akaongeza kwa mikono. Kufika wimbo wa tatu wale waliokaa meza za mbele walikuwa wameziba masikio, wakati fundi mitambo kule nyuma ya ukumbi ananiashiria kwamba gitaa halimfikii. Masikio yanauma mbele, gitaa halisikiki nyuma, yote mawili kwa wakati mmoja. Nilidhani amplifaya imeharibika.

Mpiga besi wetu alikuwa mtu mzima, aliyekulia kwenye muziki wa dansi. Wimbo ulipofika mahali ambapo besi hupumzika, alikuja nyuma yangu. Sikumwita. Akashusha besi ya amplifaya yangu hadi mbili. Trebo akaipunguza kidogo. Midi akaipandisha hadi saba. Halafu, na hili ndilo lililoniuma wakati ule, akapunguza volyumu. Akarudi mahali pake, akaingia na wimbo kama hajaondoka. Gitaa likatokea, kama mtu aliyekuwa nyuma ya pazia akapiga hatua moja mbele. Fundi mitambo akainua mkono, kidole gumba juu. Tulipomaliza nikamfuata yule mzee nikamwuliza amefanya nini. Akanijibu: "Mdogo wangu, ulikuwa umekalia kiti changu, na kiti cha matoazi pia. Chako uliacha kitupu."

Maneno yale nimeyachukua kila nilikokwenda. Leo nataka niwaonyeshe kwa nini ni ya kweli, maana mtu akielewa sababu hatahitaji mzee wa kumjia nyuma katikati ya wimbo.

Hebu tuanze na gitaa lenyewe. Uzi mnene kabisa, ukipigwa bila kubanwa, hutetema mara 82 kwa sekunde. Uzi mwembamba kabisa, bila kubanwa, mara 330 hivi. Panda na huo mwembamba hadi kwenye kibanzi cha 22, vile vichuma vilivyokatiza shingo, mwisho wa shingo katika magitaa mengi, utafika kama mara 1,175. Maana yake noti zote unazoweza kubonyeza, kuanzia ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, zimo kati ya 82 na 1,200 hivi. Gitaa la besi linaanzia 41, nusu ya letu, na dramu ya mguu iko hukohuko chini. Matoazi yanatawala juu, huko kwenye maelfu. Gitaa nalo lina kitu huko juu: ule mkwaruzo wa pleki, kile kibao cha kupigia nyuzi, na zile sauti nyembamba zinazopanda juu ya kila noti na kufanya gitaa litambulike kuwa gitaa wala si filimbi. Ni vitu vizuri, lakini ni mng'ao wa noti. Noti yenyewe iko chini yake, katikati. Ukizima midi na kupandisha ncha mbili, umeacha mngurumo unaogombana na besi, umeacha mng'ao unaogombana na matoazi, na eneo ambamo noti zako nyingi zinakaa umelifungia mlango.

Sasa niseme nobu hizi zinafanya nini kule ndani, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika na namba. Nyie watu wa mlimani hamhitaji kufundishwa mfongo. Maji yanachukuliwa mtoni kule juu, yanaletwa kwa mfereji mmoja hadi kwenye migomba na kahawa, na kila njia panapogawanyika kuna mahali pa kufungulia na kuzibia. Ukifungua kwako wazi kabisa, hujaongeza maji ya mto. Umeacha kuzuia, basi. Na ukifungua kwako sana, jirani wa bondeni anaona maji yamepungua, ingawa hujagusa mlango wake.

Amplifaya nyingi za gitaa ziko hivyo hivyo. Zile za taa, zenye vichupa vya kioo vinavyowaka mgongoni, zilizoundwa kwa mtindo wa Fender, kampuni ya Marekani, nobu za besi, midi na trebo ndani yake ni rezista na kapasita tu. Hakuna kinachoongeza nguvu mahali pale. Trebo ikifika kumi hujaongeza trebo, umeacha kuipunguza. Na ushahidi upo: chukua Fender ya miaka ya 1960 yenye nobu zote tatu, zishushe zote hadi sifuri, amplifaya inanyamaza hata kama volyumu iko juu. Mifereji yote imezibwa. Halafu nobu zinavutana. Ukipandisha trebo sana, besi na midi zinapungukiwa nguvu bila kuguswa. Ndiyo maana mtu anahangaika na midi, anaizungusha huku na huku, haoni tofauti, kumbe trebo iko tisa na imeshamnyang'anya maji.

Kuna jambo jingine katika saketi hiyo, na naomba walioshika kalamu waliandike. Nobu zote zikiwa katikati, tano, tano, tano, wengi hudhani sauti imelala tambarare, haijapunguzwa wala kuongezwa. Sivyo. Saketi ile ikiwa hapo tayari imechimba bonde katikati ya sauti, karibu na mitetemo 400 kwa sekunde. Ukitaka sauti inayokaribia tambarare, lazima besi na trebo uzishushe hadi chini kabisa na midi uipandishe hadi mwisho. Mtu akiiona amplifaya imepangwa hivyo atasema mwenyewe amechanganyikiwa! Lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo yule anayeweka midi moja, amechimba bonde ndani ya bonde.

Msiseme hiyo ni habari ya Fender, sisi amplifaya zetu ni nyingine. Mwaka 1962, kule London, duka la Jim Marshall, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mpiga drams, lilitengeneza amplifaya yake ya kwanza, JTM45, kwa kufuata ramani ya Fender Bassman, iliyoundwa kwa ajili ya gitaa la besi. Nobu tatu zikahamia Uingereza na tabia zake. Amplifaya nyingi zilizofuata zikapita njia hiyohiyo. Zipo ambazo hazikupita huko: Vox AC30 ina nobu yake iitwayo Cut, na hiyo ukiizungusha kupanda inapunguza trebo, kinyume na mnavyozoea. Zipo za transista ambazo nobu zake zinaongeza na kupunguza kweli kweli, na nyingine ukifika katikati unahisi nobu imekwama kidogo. Hapo ndipo tambarare yake. Na zipo ambazo hazina midi kabisa, besi na trebo tu, midi imefungwa ndani na kiwanda. Mwenye amplifaya ya namna hiyo asikate tamaa. Akishusha besi na trebo pamoja, halafu akaongeza volyumu kidogo, midi yake imepanda. Kazi ni ileile, mlango ni mwingine.

Nirudi kwenye zile alama zangu za kalamu, kwa sababu sijawaeleza kwa nini sauti iliyokuwa nzuri chumbani iliharibika ukumbini. Mwaka 1933 watafiti wawili Wamarekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vya sikio la binadamu. Walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio letu linazisikia hafifu zile za chini sana, na kwa kiasi zile za juu sana, lakini za katikati linazisikia vizuri. Sauti ikipanda, zile za chini na za juu zinarudi. Sasa fikirieni nilichofanya chumbani. Nilipiga kwa sauti ndogo, sikio likaniambia besi imepungua, trebo imepungua. Nikazijaza kwa nobu. Ukumbini sauti ilipopanda, sikio lenyewe likazirudisha, na mimi nimeshazijaza. Zikawa mara mbili. Alama za kalamu zilikuwa sahihi kwa usiku ule, kwa chumba kile na kwa sauti ile ndogo. Kwingine kote zilikuwa uongo. Ninyi mnaopiga picha nobu zenu kwa simu, picha ni nzuri kwa kumbukumbu, lakini msiitumikie.

Na hili kreti. Spika ya inchi 12 kama hii haitawanyi sauti sawasawa. Zile za chini zinasambaa pande zote, hata nyuma ya sanduku. Zile za juu zinakwenda moja kwa moja mbele, kama mwanga wa tochi. Weka amplifaya sakafuni, simama mbele yake hatua mbili, tochi inakumulika miguuni. Masikio yako yako juu, gizani. Unasikia besi tupu, unasema trebo haitoshi, unaongeza. Unaongeza tena. Mama aliyekaa benchi la mbele, ambaye tochi inamwelekea usoni, anaumia kwa ajili ya kitu ambacho wewe hukisikii. Ndiyo iliyonitokea harusini. Sasa mimi naiweka juu ya kreti, mbele nainua na kuilaza nyuma kidogo, mpaka spika initazame mimi. Ikiniumiza, naishusha trebo mwenyewe kabla haijamuumiza mtu. Na kwenye kona siiweki. Kona ya kuta mbili na sakafu inaongeza besi bila kuombwa, na jukwaa la mbao lenye uwazi chini nalo linavuma kama ngoma. Wengi wanaolalamika kwamba amplifaya zao zinavuma, wakizivuta mita moja kutoka ukutani na kuziinua, nusu ya ugonjwa umekwisha kabla hawajagusa nobu.

Kumbi zetu mnazijua. Zege, vioo, bati juu. Zikiwa tupu sauti inagonga na kurudi, trebo inakuwa kali, na kila mtu anashusha. Watu wakiingia, miili na nguo zao zinanyonya ule ukali, na gitaa linafifia. Kwa hiyo ukipanga mapema, ukumbi mtupu, iache trebo iwe kali kidogo zaidi ya unavyotaka, na wimbo wa kwanza utembee kwa miguu hadi katikati ya watu ukasikilize, kama waya unakuruhusu. Kama haukuruhusu, mtume mtu mwenye sikio. Wakati wa masika mvua ikipiga bati, acheni kushindana nayo. Mvua juu ya bati ina sauti za kila aina kwa pamoja, na hakuna nobu ya kuishinda. Pandisha midi kidogo, piga noti chache, subiri ipite.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, na walimu wa kwaya naomba mnisikilize hapa. Maneno ya wimbo yanabebwa na konsonanti. Vokali zina nguvu, zinafika mbali zenyewe, lakini kinachotofautisha "pata" na "kata" ni mlio mdogo sana unaodumu kufumba na kufumbua, na milio ya namna hiyo, t, k, s, ch, kwa sehemu kubwa iko kati ya mitetemo 2,000 na 4,000 kwa sekunde, au juu ya hapo. Ni eneo ambalo sikio letu lina wepesi kuliko maeneo mengine yote. Na ni eneo hilohilo ambalo trebo ya gitaa, na ile nobu ya prezensi kwa wenye nayo, inalimulika. Gitaa la ridhimu lenye trebo ya tisa, likikwangua bila kupumzika kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, linafuta konsonanti za wanakwaya arobaini. Mtu wa benchi la nyuma anasikia a, e, i, o, u. Wimbo umetungwa kwa machozi, umefanyiwa mazoezi wiki sita, na msikilizaji anaondoka hajui umesema nini. Halafu lawama zinamwangukia mwimbishaji, eti watu hawatamki. Nimeliona hili makanisani na kwenye kumbi, Moshi na Arusha, mara nyingi mno. Dawa haigharimu shilingi. Kwaya ikiimba, ridhimu ishushe trebo hadi nne au tatu, midi ibaki sita. Utasikika, na maneno yatapita juu yako. Kwaya ikinyamaza na gitaa likapewa nafasi, kuna nobu ya tone, ya kupunguza ukali, kwenye gitaa lenyewe. Iacheni nusu wakati wa kuimba, ifungueni wakati wa solo. Mkono uko karibu, huhitaji hata kugeuka nyuma.

Wazee wa muziki wa dansi walilijua hili kabla yetu. Bendi ya dansi ina gitaa la solo, gitaa la pili, gitaa la ridhimu na gitaa la besi, manne kwa pamoja, na bado kila moja unalifuata kwa sikio kama unavyofuata nyuzi za rangi mbalimbali kwenye mkeka. Jirani zetu hapa, mwaka 1970, ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, waliotoka Tanga, walikuwa Arusha wakipiga kwa jina la Arusha Jazz, kabla ya kuvuka kwenda Kenya na kujulikana kama Simba Wanyika. Zisikilizeni rekodi zao za Simba Wanyika, lakini msisikilize solo peke yake, maana solo inajulikana kwa kila mtu. Sikilizeni ridhimu. Ni nyembamba. Ukiitoa peke yake utaiona kavu, haina unene wowote chini, mtu wa leo angesema iongezwe besi. Iongezwe besi halafu gitaa la besi likae wapi? Ule ukavu ni adabu. Solo iko juu kidogo, ina ukali wake, na yule wa pili kaingia katikati yao bila kumkanyaga mtu. Si nobu peke yake iliyofanya hivyo. Ni pale unapobonyeza shingoni, ni sumaku ipi umechagua kati ya zile zinazonasa mtetemo wa nyuzi, ya karibu na shingo yenye unene au ya karibu na daraja yenye ukali. Lakini sikio la kuacha nafasi ndilo lilelile linalozungusha nobu.

Kwa wale wa magitaa yanayokwaruza, neno fupi. Geini nayo ni nobu ya rangi ya sauti, ingawa hatuihesabu hivyo. Kadiri unavyoizidisha, noti zinabanwa, zinapoteza kichwa, na besi yoyote iliyoingia kabla ya mkwaruzo inageuka tope. Ukipandisha geini, shusha besi. Geini ndogo kuliko unayoitaka chumbani ndiyo inayotosha jukwaani. Na kama amplifaya yako ina swichi ya braiti, ya kuongeza ukali, jua kwamba inafanya kazi wakati volyumu iko chini. Volyumu ikipanda athari yake inapungua hadi kuisha, kwa hiyo usishangae ile sauti kali ya mazoezini imepotelea wapi.

Kabla ya kuilaumu amplifaya, tazama nyuzi. Nyuzi zilizolala miezi sita na jasho juu yake hazina trebo ya kuongezwa, na nobu haiwezi kufungulia maji ambayo mtoni hayapo. Waya mrefu pia hula trebo. Na ukipunguza volyumu ya gitaa, katika magitaa mengi ukali unapungua nayo.

Kuna jambo moja ambalo si la sauti, lakini siwezi kushuka hapa bila kulisema. Gitaa lenye sumaku za koili moja linavuma, mvumo wa umeme, na kuna watu wanawafundisha vijana kwamba dawa yake ni kukata mguu wa ethi kwenye plagi, ule mrefu wa juu unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini, au kuung'oa waya wa kijani na njano. Msifanye hivyo. Nawaomba kama baba. Siku amplifaya ikiwa na hitilafu ndani, umeme unapita kwenye waya wa gitaa hadi kwenye nyuzi, mikono yako iko hapo, midomo yako iko kwenye maiki ya mtambo mwingine, na mwili wako ndio unakuwa waya wa kuunganisha. Mvumo unapungua ukigeuka pembeni kidogo, ukisogea mbali na taa ya mirija na transfoma, ukishusha geini. Na wanaonunua amplifaya za mitumba, soma kibao cha nyuma kabla ya kuchomeka. Umeme wetu ni volti 230. Iliyotoka Marekani imeandikwa 120, iliyotoka Japani imeandikwa 100. Bila transfoma ya kushusha, utaiwasha mara moja tu.

Sasa nawaambia ninavyofanya mimi, halafu tujaribu. Nafika, naweka amplifaya juu ya kitu, mbali na kona, inanitazama. Nobu tatu nazielekeza juu, saa sita kamili. Volyumu naitafuta kwanza, ya kutosha kusikika na drams, basi. Sigusi kitu kingine mpaka wenzangu wote wapige. Hili ndilo gumu kwenu, najua, kwa sababu mkono unawasha. Lakini huwezi kujua nafasi yako iko wapi wakati wengine hawajaketi. Wakishaanza, nashusha besi polepole mpaka nisikie mpiga besi amekuwa safi, noti zake zimeachana. Mara nyingi watu wanadhani yeye ndiye aliyebadilisha kitu. Halafu napandisha midi mpaka nijisikie bila kujitafuta. Trebo naigusa mwisho, na naigusa wakati mwimbaji anaimba. Nikizungusha nobu moja narudi kuzisikiliza nyingine mbili, kwa sababu ya ule mfongo. Na kama bado sijisikii, kabla ya kuongeza volyumu, namwomba mpiga kinanda apunguze mkono wake wa kushoto, kwa upole, maana naye yuko kwenye eneo langu na pengine hajui.

Haya, saa yangu imekwisha na vyombo vinatungoja. Wale vijana watano nilioandika namba zao, njooni hapa mbele na karatasi yenu hii, kila mtu aone aliyoyaweka. Wa kwanza arudishe nobu zake kama zilivyokuwa asubuhi, apige ridhimu, na kwaya ya Pasua iimbe beti moja juu yake. Nyie wengine nendeni mkakae mabenchi ya nyuma kabisa, mje mniambie mmesikia maneno gani. Kisha tutazungusha. Mpiga besi, anza peke yako, taratibu. Drams, mfuate.